Viungo vya kuchanganya mwenyewe bila chumvi: nianze na vipimo gani?

KigodaChaJikoni

Habari za humu wadau, naomba msaada wenu. Baba kaambiwa apunguze chumvi sababu ya presha, basi tumekaa tukatoa paketi zote za viungo vya kuchanganywa zilizoko kabatini tukaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Kwakweli nimeshangaa, karibu zote chumvi ndo ya kwanza kwenye orodha, inafuata sukari au wanga, viungo vyenyewe unavikuta huko mwishoni. Yani tulikuwa tunadhani tunatia viungo kumbe tunatia chumvi yenye rangi.

Sasa nimeamua nitengeneze mwenyewe. Vilivyoko ndani ni giligilani mbegu, bizari nyembamba mbegu, pilipili manga nzima, iliki, karafuu, mdalasini wa vijiti, kungumanga moja nzima, manjano ya unga, paprika, pilipili kali ya unga, unga wa kitunguu saumu na wa kitunguu maji, tangawizi ya unga, oregano kavu na rozmari. Vingine vina muda sijui kama bado vizima.

Ninachotaka kujua ni hivi, vipimo vinakwendaje, maana kila ninapouliza naambiwa "kadiri" na mimi kadiri yangu siijui. Halafu je ni lazima kukaanga kwanza au nisage tu hivohivo? Na hili ndo kubwa kwangu, nitafanyaje chakula kisipooze bila chumvi, sababu baba akila siku mbili chakula kilichopooza ya tatu atarudia paketi zake na simlaumu.

MchiNaKinu

Kigoda pole kwa baba, na hongera kwa kusoma lebo kwanza, wengi tunaruka hapo. Kwenye orodha ile kilichotangulia ndicho kilichozidi kwa uzito, kwa hiyo ukiona chumvi ya kwanza ujue ndo bidhaa yenyewe hiyo, vingine wasindikizaji.

Vipimo nitakupa vya kijiko kabisa usihangaike na kadiri. Mimi natengeneza mchanganyiko wa aina mbili na hauchanganywi mmoja na mwingine. Wa kwanza ni wa mchuzi, nyama, maharage, dengu, wali, vitu vinavyopikwa muda mrefu vikiwa na majimaji. Giligilani vijiko 4 vikubwa, bizari nyembamba viwili, pilipili manga kimoja, mdalasini kijiti cha urefu wa kidole, punje za ndani za iliki kijiko kimoja cha chai, karafuu nusu kijiko cha chai. Kungumanga usiisage pamoja, ikwangue juu ya unga ukishakuwa tayari, robo kijiko cha chai inatosha kwa kiasi hicho chote.

Uone mpangilio ulivyo. Giligilani ndo mwili wa mchanganyiko, ni mpole, ukiuzidisha hakuna kinachoharibika, unapata unono tu na mchuzi unashika. Bizari nyembamba ndo inayotambulika mdomoni. Hao wadogo wa mwisho ndo wakali na hapo ndo watu wanaharibu, hasa karafuu. Karafuu ina mafuta ya eujenoli ambayo ndo yaleyale yanayotia ganzi fizi ukiitafuna, ikizidi kidogo tu mchuzi wote unakuwa karafuu na hakuna dawa ya kuitoa. Kwa hiyo anza na nusu kijiko, ukiona unataka zaidi ongeza safari nyingine.

Wa pili ni wa kupaka, yani kuku wa kuoka, samaki, viazi, mboga za kuoka. Huu haukaangwi kabisa sababu vyote ni unga. Paprika vijiko viwili vikubwa, unga wa kitunguu saumu kimoja, wa kitunguu maji kimoja, pilipili manga kijiko cha chai, oregano kijiko cha chai, rozmari iliyopondwa nusu kijiko cha chai, pilipili kali kwa uwezo wa mlaji. Koroga tia kopo basi.

Sasa kukaanga. Mbegu nzima kaanga, unga usikaange. Kikaango kizito, kikavu, bila tone la mafuta, moto mdogo. Tanguliza giligilani peke yake sababu punje zake ni kubwa zinachelewa, tingisha kikaango muda wote, baada ya muda utaona zimegeuka kidogo rangi kutoka kijani njano kwenda kahawia hafifu na harufu inabadilika, ile ya majani inapotea inakuja nyingine nzito kama ya karanga. Hapo tia bizari nyembamba na pilipili manga. Bizari nyembamba ni ya kuangaliwa sana, punje ni nyembamba zinashika moto upesi, zikianza kutoa harufu na moja mbili kuruka umeshafika. Iliki na karafuu na mdalasini uliovunjwavunjwa tia mwishoni kabisa zipate joto tu. Moshi ukionekana umepitiliza.

Na usiziache kwenye kikaango hata kama umezima jiko, chuma kina joto chake kitaendelea kukaanga. Mimina sahani pana, tandaza, subiri zipoe kabisa kabisa ndo usage. Ukisaga za moto ule mvuke unabaki ndani ya unga, siku ya pili unakuta mabonge.

Sufuria_Nyeusi

Mi nijibu hilo la viungo vya zamani. Chukua kidogo, sugua kwa kidole katikati ya kiganja, nusa. Ukisikia harufu hapohapo kizima, ukitafuta harufu huipati kimekufa. Hakitakuumiza ila hakina kazi, ukikitumia utaongeza na kuongeza na chakula kitabaki na vumbi tu. Mbegu nzima zikitunzwa vizuri zinakwenda miaka mitatu minne, za unga ni pungufu ya hapo na zikishafunguliwafunguliwa ndo kabisa. Kuna vya kutupa bila kujadili: chenye ukungu, chenye harufu ya kuvunda, na chenye wadudu. Angalia sana paprika na pilipili ya unga, wadudu wadogo wa kahawia wanazipenda mno, na ukikuta kopo moja linao kagua na majirani zake.

Zabibu Kavu

Dada/kaka Kigoda, nimesoma swali lako la tatu nikaona ndo langu hilo, maana mume wangu naye yuko kwenye chumvi kidogo na mimi ndo mpishi. Nikuambie ukweli, viungo vyenye harufu nzuri peke yake havichukui nafasi ya chumvi. Ukitia giligilani na mdalasini nyingi mno bila chumvi unapata chakula kinachonukia ila mdomoni hakina kitu. Vinavyofanya kazi ile ni uchachu, ukali kidogo, na ule utamu mzito wa nyama nyama.

Uchachu ni ndimu au limau ukishazima moto. Ukitia jikoni na kuchemsha nao ile harufu yake mbichi inazimika, kamulia mezani au dakika ya mwisho. Kama unataka harufu ya limau ya kukaa koponi pamoja na mchanganyiko, parua ganda la limau ile sehemu ya njano tu, nyeupe ni chungu, anika mpaka likauke kabisa liwe linavunjika, saga. Kijiko cha chai kwenye ule mchanganyiko wa kupaka wa MchiNaKinu utauona umeamka.

Utamu mzito unaupata kwenye uyoga mkavu. Chukua uyoga uliokauka mpaka unakatika kwa kidole, saga uwe unga laini, tia kijiko kikubwa kwenye mchanganyiko wa mchuzi. Uyoga una glutameti yake ya asili, ndo kile kinachoufanya mchuzi wa nyama uwe mchuzi wa nyama. Nyanya kavu iliyosagwa nayo ina kazi hiyohiyo. Na kitunguu maji kikaangwe mpaka kiwe kahawia kweli, wengi tunakitoa mapema kikiwa cheupe.

Tahadhari mbili na hizi tafadhali zichukue. Ya kwanza, unga wa kitunguu saumu na chumvi ya kitunguu saumu ni vitu viwili na makopo yanafanana, hakikisha hicho cha kwako ni kipi. Ya pili, kuna zile chumvi mbadala zinazosemwa ni za watu wa presha, nyingi zina potasiamu badala ya sodiamu iliyoko kwenye chumvi ya kawaida. Zinafaa kwa wengi lakini mwenye shida ya figo, au anayemeza baadhi ya dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, zinaweza kumletea madhara ya moyo. Usimtilie baba kabla hujamuuliza daktari wake, taja na majina ya dawa anazokunywa.

Na ukisoma lebo zilizoandikwa sodiamu badala ya chumvi zidisha kwa mbili na nusu. Yani wakiandika miligramu 800 za sodiamu hiyo ni gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima awe chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, hiyo haifiki hata kijiko cha chai kilichosawazishwa, na inahesabu mkate na kila kitu. Mi nikishapata namba hiyo nilianza kupima chumvi ya siku asubuhi naiweka kwenye kikombe kidogo, kinachobaki ndo cha jioni.

Tangawizi Mbichi

Mi natofautiana na MchiNaKinu kidogo hapo kwenye kukaanga vyote kwa mpigo. Ile harufu ni mafuta mepesi yanayoruka, ukikaanga unayaamsha na mengine yanaondoka papohapo, na ukishasaga ndo umeyafungulia mlango. Kwa hiyo unga uliokaangwa unakuwa mtamu sana wiki za mwanzo halafu unashuka haraka. Mi nachanganya mbegu zikiwa nzima na mbichi kwa vipimo hivyohivyo, naweka kopo kubwa, kila baada ya wiki mbili hivi nachota kiasi, nakaanga na kusaga hicho tu. Kopo kubwa linakaa mwaka halina shida.

Kuhifadhi msisahau, maana hapa watu wanafanya kazi yote nzuri halafu wanapanga makopo juu ya jiko. Joto, mwanga, unyevu, hewa, hivyo vinne ndo maadui. Kopo la kioo lenye mfuniko wa kubana, ndani ya kabati lenye giza mbali na jiko. Manjano na paprika zikikaa kwenye mwanga utaziona zinapauka. Na tabia ya kutikisa kopo moja kwa moja juu ya sufuria inayofuka iachwe, mvuke unaingia ndani kila siku kidogo kidogo, chota kwa kijiko kikavu. Andika tarehe kwenye kopo, kipande cha karatasi na gundi kinatosha.

MchiNaKinu

Tangawizi Mbichi hapo nakubaliana na wewe kwa mtu mwenye nafasi ya kusaga mara kwa mara. Kwa Kigoda anayeanza na anayempikia mgonjwa kila siku mi bado ningemwambia asage cha mwezi mmoja, siyo zaidi, sababu kopo lisipokuwa tayari saa ya kupika mtu anarudi kwenye paketi. Vipimo nilivyoandika ni kikopo kidogo tu hivyo, mtu mwenye familia anakimaliza.

KigodaChaJikoni

Asanteni sana jamani, nimenakili yote kwenye daftari. Nimenusa kama alivyosema Sufuria_Nyeusi, oregano imekufa na tangawizi ya unga nayo, vingine vizima. Kitunguu saumu nimekagua ni unga kweli siyo chumvi, ila umegandamana ndani ya kopo kama jiwe, je utupwe? Halafu sina mashine ya kusagia viungo, nina blenda ya kawaida na kinu kidogo. Na bado hamjaniambia natia kiasi gani kwenye chakula na natia saa ngapi.

Zabibu Kavu

Kitunguu saumu kugandamana ni kawaida yake, unavuta unyevu wa hewani kuliko viungo vingine karibu vyote. Vya dukani mara nyingi wanatia kitu cha kuzuia kugandamana, chako huenda hakina na sioni haja ya kutia. Kama kinanukia vizuri na hakina ukungu kivunjevunje kwa uma, pitisha kwenye chungio. Ukiweka punje kidogo za mchele mkavu kwenye kifuko cha kitambaa ndani ya kopo zinasaidia kuvuta unyevu. Ila usije ukatia kitunguu saumu kibichi au tangawizi mbichi iliyopondwa ndani ya kopo la viungo vikavu ukidhani unaboresha, litaoza lote. Na usiloweke kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta ukakiacha kabatini, kuna bakteria wanaoleta sumu ya botulizimu wanakua mle pasipo hewa na huwezi kuwaona wala kuwanusa. Kibichi ni cha kuponda siku ileile unapopika.

Sufuria_Nyeusi

Blenda ya kawaida kwa kiasi kidogo inasumbua, vinazunguka pembeni visu havivifikii. Tumia kinu. Vitu vigumu anza navyo peke yake, mdalasini hasa. Mdalasini upo wa aina mbili, ule mwembamba wenye matabaka mengi yaliyojikunja kama karatasi unavunjika kwa mkono na kinu kinauweza, na ule mnene wa ganda moja gumu huo utakutoa jasho, uvunje vipande vidogo kwanza na uukaange kidogo ukauke. Kwa baba anayekula kila siku chagua ule mwembamba ukiweza, huu mnene una kumarini nyingi ambayo ikiliwa kwa wingi muda mrefu inaweza kulisumbua ini.

Ukishatwanga chunga kwa chungio la chai, chenga zinazobaki rudisha kinuni. Zile za mwisho kabisa zisizokubali zifunge kwenye kitambaa utupie kwenye supu halafu utoe. Kama baadae utapata kisagio cha kahawa ndo kizuri, ila bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, usikiache kinanguruma mfululizo kinapasha unga joto. Kukisafisha saga mchele mkavu ndani yake, unga wa mchele unabeba harufu na mafuta yote, umwage, ufute kwa kitambaa kikavu.

Pilipili kali ukiishika osha mikono kwa kupaka mafuta ya kupikia kwanza ndo sabuni, maji matupu hayaiondoi, na usiguse macho.

MchiNaKinu

Kiasi sasa. Mchanganyiko wa mchuzi, kilo moja ya nyama anza na vijiko viwili vya chai, onja, ongeza nusu nusu. Kwa maharage au dengu kikombe kimoja kikavu kijiko kimoja cha chai. Ule wa kupaka kuku mzima vijiko viwili vikubwa, mpake na mafuta kidogo na maji ya ndimu, ingiza na chini ya ngozi sababu juu ya ngozi peke yake nyama haipati kitu, mwache kwenye friji saa kadhaa.

Saa ya kutia ndo siri ya ladha yote kwa mtu asiyetumia chumvi. Harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kaanga kitunguu kikiwa kahawia, punguza moto, tia viungo, koroga nusu dakika tu mpaka mafuta yabadilike rangi na harufu ipande, papohapo tia nyanya au maji kabla haijaungua. Manjano yako yatie hapa pia, robo kijiko, mabichi yana ladha ya udongo yakipita kwenye mafuta inaondoka. Ukitia viungo juu ya maji yanayochemka utatumia mara mbili na hutapata nusu yake. Halafu bakiza kidogo, kama robo kijiko cha chai, nyunyiza ukishazima moto ufunike dakika tano. Ile ya kwanza imeingia ndani ya mchuzi, hii ya mwisho ndo atakayoinusa baba akifunua.

KigodaChaJikoni

Nimekaanga leo. Giligilani imefanya vilevile, nimeona inageuka rangi na harufu ikabadilika nikajua ndo hapa. Karafuu nimetia nusu kijiko kama ulivyosema. Maharage yametiwa viungo kwenye mafuta, ndimu mwishoni, chumvi robo ya ile niliyokuwa natia. Baba kauliza nimebadilisha nini, nikamwambia ale kwanza. Kamaliza sahani kaongeza.

Swali la mwisho, samaki nitumie huu wa kupaka au kuna wake? Na uyoga mkavu sina, nisubiri?

Zabibu Kavu

Huo wa kupaka unafaa ila kwa samaki punguza rozmari iwe kidogo sana inamfunika, ongeza ganda la limau lililosagwa na pilipili manga. Mpake nusu saa tu kabla ya kupika, akikaa na ndimu muda mrefu nyama inakakamaa. Uyoga usiusubiri, tumia nyanya uliyoikausha au nyanya ya kopo isiyotiwa chumvi, ikaange kwenye mafuta mpaka iwe rangi ya matofali. Na chumvi usiikate yote kwa mpigo, shusha kidogo kila wiki, ulimi wake utazoea.